Isale kwenye Tundu la Kompyuta

Jaimin alipotoa gundi ya chuma mfukoni ili azibe lile tundu, Herieth alimshika mkono.

"Usiniharibie kompyuta yangu."

"Siiharibu, Mama Goodness. Naifungia mlango."

Jaimin alikuwa fundi wa kompyuta, mtoto wa mzee Prakash mwenye duka la vitambaa pale Moshi mjini, na kazi yake aliifanyia humo humo, nyuma ya kaunta ya baba yake. Mzee alikuwa ameagiza mashine mpya za kudarizi, ile ya zamani akamwachia Herieth kwa kulipa kidogo kidogo. Mashine ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa na tabia ya mke mmoja: haikusikia kompyuta nyingine yoyote isipokuwa ile iliyokuja nayo. Na kompyuta yenyewe ilitumia Windows ya zamani sana, ambayo walioitengeneza walishaacha kuihudumia.

"Ni kama mzee ambaye hospitali imefunga faili lake," Jaimin alisema. "Ugonjwa mpya ukizuka, chanjo hapati. Lakini akikaa ndani asikutane na watu, atafanya kazi miaka. Kwa hiyo intaneti hapana. Flashi ni hii moja nyekundu, na kabla hujaileta hapa inapita dukani kwangu naisafisha. Kila mwisho wa mwezi unanakili michoro yote kwenye diski, na diski isikae nyumba moja na kompyuta. Sasa tundu hili la nyuma ndimo unamochomekwa waya wa intaneti. Mtu akichomeka hata nusu saa, imekwisha. Niache nizibe."

"Nani achomeke? Humu tuko watatu, mimi, mume wangu na mashine."

Herieth akaenda uani kwenye furushi la ndizi ambalo mama mkwe alikuwa ameteremsha kutoka Kirua Vunjo. Lilifungwa kwa majani ya isale. Akachagua moja refu, akalipitisha kwenye skrubu mbili za nyuma ya kompyuta, akafunga fundo juu ya lile tundu.

"Huku kwetu hili linapandwa mpakani na kwenye makaburi," akamwambia Jaimin. "Mtu akikukosea akaja nalo mkononi, humkatalii msamaha. Na ukilikuta limefungwa mahali, huvuki. Gundi yako rudi nayo."

Jaimin alimtazama Mathayo, mume wa Herieth, aliyekuwa amemshikia tochi. Mathayo akacheka.

"Umeshindwa kazi, bwana fundi. Mchagga gani atalifungua hilo?"

Jaimin akarudisha gundi mfukoni.

Kwa miaka sita jani lile lilikaa pale pale. Lilikauka likawa na rangi ya ugoro, likajikunja kingo, na Herieth alipokuwa akifuta vumbi alilipitia kwa ncha ya kitambaa asije akalivunja. Kompyuta haikuumwa hata mafua. Kwenye chumba kile cha mbele, mtaa wa Pasua, zilitoka sare za kwaya, vitambaa vya altare, majina ya maharusi kwenye taulo, na zaidi ya vyote nembo za shule. Kila nembo Herieth aliichora mwenyewe, mshono kwa mshono, akiikuza kwenye skrini mpaka macho yanamtoka machozi. Nembo ya shule ya wasichana kule mlimani, yenye mlima, kitabu na tawi la kahawa, ilimchukua wiki tatu.

Ndiyo aliyokuwa aianze Jumatatu ile ya Desemba. Sweta mia tano zilikuwa zimepangwa ukutani, na mwalimu mkuu alitaka ya kwanza aione Ijumaa, shule isije ikafunguliwa Januari wasichana hawajavaa. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya chumba na ada ya Goodness, binti yao aliyekuwa chuoni Dodoma.

Herieth aliwasha kompyuta, akaenda kuosha mikono. Aliporudi skrini ilikuwa nyekundu, ina maandishi na saa inayohesabu kurudi nyuma.

"Baba Goodness, njoo uone hii."

Mathayo alikuja na kikombe chake cha chai. Alisimama mlangoni.

"Wanataka hela hao. Dola. Wamefunga mafaili."

Aliyasema hayo kabla hajasogea kusoma. Herieth hakulitambua hilo wakati ule, kwa sababu alikuwa ameshika kipanya anafungua makabati ya michoro moja baada ya jingine. Majina yote yalikuwa yamegeuka, herufi zisizosomeka. Kwaya, hakuna. Maharusi, hakuna. Mlima, kitabu na tawi la kahawa, hakuna.

"Mungu wangu. Imeingiaje?"

"Ijumaa ulitoka kwa Jaimin na flashi?"

"Nilitoka nayo. Aliniwekea herufi mpya."

"Basi unauliza nini? Huyo Mhindi wako amekuletea ugonjwa wa dukani kwake. Fundi anayeshika kompyuta za mji mzima, unadhani ananawa mikono?" Akanywa chai yake. "Mimi naenda Tarakea, kuna mtu ana mahindi. Usilie, Mama Goodness. Kitu cha zamani kina mwisho wake."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Chai aliiacha nusu.

Dukani kwa mzee Prakash kulikuwa na wanawake watano au sita wanachagua vitenge vya Krismasi. Herieth aliingia na kanga yake ya jikoni, hakusalimia mtu isipokuwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Kaa. Umepauka, uletewe maji."

"Sikuja kunywa maji, mzee. Nimekuja kumuuliza mwanao nimemkosea nini." Jaimin alikuwa ametokea nyuma ya kaunta, bisibisi mkononi. "Miaka sita nakusifia mpaka kanisani, Jaimin. Watu wakiniuliza fundi, nasema nenda kwa Jaimin, ni msafi. Kumbe nasifia kipindupindu."

"Mama Goodness, imekuwaje?"

"Flashi yako imeniulia kompyuta. Michoro yote. Miaka sita."

Wanawake waliacha kupapasa vitenge. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo maana mimi fundi wangu ni wa Arusha." Mzee Prakash aliinamisha macho kwenye futi yake ya kupimia. Hakuna aliyewahi kumsema mwanawe mbele ya wateja.

Jaimin alinyoosha mkono, akapokea flashi nyekundu ambayo Herieth alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Wakasubiri wote, na wateja nao wakasubiri.

"Ni safi," alisema. "Twende nikaione."

"Utaona nini? Ulichokileta mwenyewe?"

"Twende tu."

Pasua, Jaimin alikaa mbele ya ile skrini nyekundu. Aliizima kompyuta, akaiwasha kwa diski yake mwenyewe aliyokuja nayo, akasoma maandishi meupe kwenye weusi. Kisha akageuka.

"Hiki hakikuja kwa flashi, Mama Goodness. Kimekuja kwa waya. Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana. Hakuna mtu aliyefungua hata barua. Ilichomekwa tu, wadudu wakajipitia wenyewe. Nilikwambia, wanaujua huo mlango."

"Jumamosi nilikuwa Mabogini msibani. Na humu hamna waya wa intaneti. Anao kinyozi wa jirani, labda. Hata hivyo tundu lina isale lake." Herieth aliinuka, akaizungusha kompyuta kwa nguvu za mtu mwenye haki. "Haya, angalia. Si hili hapa?"

Jaimin aliinama. Akaweka kidole, akakitoa.

"Hili umelibadilisha lini?"

"Sijawahi kulibadilisha."

"Mbona bichi?"

Herieth naye akainama. Jani lilikuwa la kijani kibichi, pana, baridi kama ngozi ya chura. Pale lilipokatwa palikuwa na ute ambao haujakauka. Fundo lilikuwa zuri, lililofungwa na mtu aliyefundishwa utotoni. Na Pasua nzima, kwa alivyojua yeye, hapakuwa na shina la isale. Uani kwake kulikuwa na saruji na pipa.

Alikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi.

Jaimin hakuelewa jani lilikuwa limemwambia Herieth nini, lakini alielewa kwamba limemwambia kitu. Akavuta kiti kikapiga kelele makusudi, ili kuwe na sauti.

"Nakala unayo?" akauliza. "Diski ya mwezi uliopita?"

"Iko Kirua. Kwa mama mkwe, kwenye sanduku."

"Basi hujafa, mama. Mwili wa kompyuta, yaani programu zake zote, nina nakala yake dukani, kesho asubuhi naurudisha kama ulivyokuwa. Wewe niletee hiyo diski. Kesho jioni unadarizi."

Mama mkwe, Bibi Ester, alikuwa chini ya migomba anamkatia ng'ombe majani. Alipomwona Herieth anapandisha kihamba, lile shamba la ukoo, aliweka mundu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, uso wote unacheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshapatana?"

"Tumepatana na nani, mama?"

"Haya, nifiche tu. Ya chumbani ni ya chumbani." Akamshika mkono. "Karibu ndani, kuna mtori wa ndizi wa mchana."

"Mama, nimefuata ile diski. Kompyuta imeumwa."

Bibi Ester akasimama. "Diski si aliichukua Mathayo? Jana, baada ya ibada. Alisema umemtuma."

Herieth alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akafungua sanduku. Chini ya vitenge vya kanisani kulikuwa na kopo la biskuti alilolileta yeye mwenyewe. Ndani mlikuwa na kitambaa alichoifungia diski na vidonge vya nondo, basi.

"Nilimpa kwa mikono miwili," Bibi Ester alisema nyuma yake. "Ni mwanangu, ningemwambia nini? Halafu akaniomba isale. Nikamuuliza, la nini? Akanyamaza, akatazama chini. Mwanangu, nilifurahi. Nikasema, Mathayo amekua. Amemkosea mke wake na anataka kwenda kuomba msamaha kwa njia ya baba zake. Ni wanaume wangapi siku hizi? Nikamkatia mwenyewe, lile zuri la mpakani. Nikamwambia, ukilitoa mpe kwa mkono wa kulia." Akamtazama Herieth mikononi. "Hakukupa?"

Herieth alimweleza. Alimweleza taratibu, kwa maneno ya mtu ambaye hajui kompyuta: kwamba kulikuwa na mlango, kwamba mlango ulifungwa kwa isale, kwamba aliyeuvunja alichana lile kavu, akaja kuchukua bichi afunike.

Bibi Ester alikaa kitandani. Aligeuza viganja vyake, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Nimelikata kwa mkono huu," alisema.

Herieth akapiga simu. Iliita mara ya kwanza ikakatwa, ya pili ikapokelewa. Kabla Mathayo hajasema, Herieth alisikia kilichokuwa nyuma yake: mlio wa mashine ya kudarizi. Haikuwa ya kichwa kimoja. Alisikiliza kama fundi anavyosikiliza. Vichwa sita.

"Mahindi yanapiga kelele, Baba Goodness."

Mlio ukafifia, kama wa simu iliyofunikwa kwa kiganja.

"Uko kwa nani?"

"Kwa Lucky. Ana karakana mpya hapa Tarakea. Sikiliza, Mama Goodness, nilitaka kukwambia mambo yakikaa sawa. Amenipa umeneja. Ana kazi za huku na za Kenya, amekosa michoro tu. Nilitaka kumrushia kwa intaneti Jumamosi, basi. Kunakili, si kuiba. Na yako ingebaki. Sikujua itaumwa."

"Ulijua. Ulishika tochi siku tunaambiwa."

"Nilidhani Jaimin anatutisha ili tumhitaji."

"Haya. Imeumwa Jumamosi. Jumapili ukaja huku ukachukua diski. Dawa ukawa nayo mfukoni, Mathayo. Ungeirudisha nyumbani, ningekugombeza siku moja yakaisha. Ukapita nayo Pasua. Ukafunga jani. Ukalala na mimi kitanda kimoja. Asubuhi ukanywa chai yangu, ukaniambia ni Jaimin, nikaenda kumtukana mtoto wa watu mbele ya baba yake."

Mashine kule ilikuwa inaendelea.

"Wewe hujui," Mathayo alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu kiwanda cha sukari kinipunguze. Nikienda kilabuni wananiita mume wa mashine. Nakata nyuzi, nashika ringi ya kukazia kitambaa, nabeba sweta. Mtu akija ananiuliza, mwenyewe yupo? Mwenyewe. Nilitaka na mimi niwe mwenyewe wa kitu."

Herieth alimwelewa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alimwelewa.

"Diski iko wapi?"

"Anayo Lucky."

Bibi Ester alinyoosha mkono, akaomba simu. Aliishika mbali na sikio, kama watu wa umri wake wanavyoshika.

"Mathayo."

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimrudishia Herieth simu yake, akatoka nje kwenda kumaliza majani ya ng'ombe.

Kesho yake Jaimin alirudisha kompyuta ilivyokuwa. Iliwaka, ikaiona mashine, mashine ikaitika. Lakini kabati la michoro lilikuwa tupu kama siku ya kwanza.

Herieth alimwomba Goodness picha ya sweta lake la zamani, maana naye alisoma shule ile ile mlimani. Akaanza kuchora upya, mlima kwanza. Jumatano alikuwa amefika kwenye kitabu. Alhamisi mwalimu mkuu alipiga simu.

"Mama, nimeshukuru kwa sampuli."

"Sampuli gani, mwalimu?"

"Ya jana. Ile ile, hata tawi la kahawa limekaa vilevile. Yule kijana wa Tarakea alisema atatoa mia tano kwa siku mbili, na bei ameshusha. Nimempa kazi."

"Mwalimu, ile nembo ni yangu."

"Najua ni yako, mama. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Nilidhani umefungua tawi. Si alikuja na mumeo?"

Herieth alisema asante, akakata simu. Gari la Lucky lilikuja siku ile ile kuchukua sweta. Dereva alihesabu akakosea, ikabidi Herieth amsaidie kuhesabu.

Jumamosi alivaa gauni la kanisani, akaenda dukani kwa mzee Prakash saa ile yenye wateja wengi. Alisimama pale pale aliposimama Jumatatu.

"Mzee, shikamoo. Nilisema hapa flashi ya Jaimin imeniulia kompyuta. Nilisema uongo, ingawa sikujua. Ugonjwa ulitoka nyumbani kwangu. Nimekuja kulirudisha neno langu mahali nilipoliacha."

Mzee Prakash aliweka futi chini. "Yamekwisha, mama. Sasa maji utakunywa?"

Akanywa, glasi nzima, amesimama. Kisha akamgeukia Jaimin.

"Ile gundi bado unayo?"

Mathayo alirudi wiki ya pili ya Januari. Lucky alikuwa amemaliza kufungua ile diski, na meneja wa kujua kuwasha kompyuta tu alikuwa ameshajipatia mwingine, wa bei ndogo. Mathayo hakupita Pasua. Alikwenda kwanza Kirua kumwomba mama yake alete isale kwa niaba yake, kama ilivyo desturi, mtu mzima atangulie. Bibi Ester alimnyooshea kidole upande wa mpaka.

"Nenda ukakate mwenyewe. Mundu ule pale."

Basi akaja nalo peke yake, limefungwa kwenye gazeti. Herieth alikuwa mashineni, anashona jina kwenye taulo la mtoto. Alizima mashine. Jaimin alikuwepo, ameleta diski mbili mpya, moja ya dukani kwake, moja ya benki ambako Herieth alikuwa amekodi kisanduku. Alipoona mgeni si wa kompyuta akataka kutoka.

"Kaa, Jaimin," Herieth alisema. "Wewe ndiye uliyetukanwa."

Mathayo alifungua gazeti. Alipiga goti moja, akatoa jani kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeushika kiwiko.

"Mama Goodness, nimekosa. Nakuomba kwa isale."

Herieth alifuta mikono yake kwenye gauni, akalipokea.

"Nimelipokea."

Mathayo alishusha pumzi iliyokaa kifuani mwezi mzima. Akainuka, karibu atabasamu, akaliomba lile jani tena.

"Lete nilifunge mwenyewe. Pale pale. Aliyefungua ndiye afunge."

Herieth akampa. Mathayo aliizungusha kompyuta taratibu, kama mtu anayegeuza mgonjwa. La bichi la siku ile lilikuwa limeondolewa. Alipeleka jani kwenye skrubu, na kidole chake kikapita juu ya tundu, kikakuta kitu kigumu, cha kijivu, kilichojaa mpaka juu na kusawazishwa. Akakigonga kwa ukucha. Kililia kama jiwe.

"Umeziba?"

"Nimeziba."

"Lakini nimeleta isale, Herieth. Umelipokea."

"Nimelipokea. Funga."

Alisimama nalo pale. Alimtazama Jaimin, lakini Jaimin alikuwa anaandika tarehe juu ya zile diski mbili kwa kalamu nene, ameinamisha kichwa. Mwishowe Mathayo alipitisha jani kwenye skrubu ya kwanza, kisha ya pili, akafunga fundo juu ya gundi. Fundo likatoka la kitoto.

Herieth hakulirekebisha. Aliwasha mashine, akakaza taulo kwenye ringi kwa mikono yake mwenyewe, akaendelea na jina la mtoto wa watu pale lilipokuwa limeishia.